Nyumba Mbili Ndani ya Kipepeo

Siku hiyo sikuwa nimekunywa kitu ila chai, na chai yenyewe haikuwa hata na tangawizi. Naanza na hilo kwa sababu nawajua watu. Kila nikisimulia jambo hili, hakosi mmoja wa kumkonyeza mwenzake na kuuliza nilikuwa nimetoka kwa nani. Nilikuwa nimetoka kwangu, na akili zangu timamu, na haya yalitokea hapa Kakamega mjini, mchana, watu wakipita chini ya dirisha langu wakikimbia mvua. Ulitaka yawe ya usiku? Pole. Mzuka wangu alikuja alasiri, na alibisha hodi kama mtu mwenye adabu zake.

Kwanza nikueleze kazi yangu, maana bila hiyo hutaelewa kitu. Nina chumba juu ya duka la vitambaa, karibu na soko. Napiga picha za vitambulisho, natengeneza za harusi na za mazishi, na hizo ndizo zinazoniletea ugali. Lakini kazi ninayoipenda kwa moyo wote ni nyingine. Marehemu baba yangu alikuwa na kamera na baiskeli, na ujana wake aliumaliza akipiga picha za vilima, mito na mashamba ya huku kwetu. Za watu hakupenda kupiga. Alisema watu wanatikisika. Alituachia sanduku zima la picha nyeusi na nyeupe, na mimi nazitoa moja moja, naziingiza kwenye kompyuta, halafu nazivuruga.

Ndiyo, nazivuruga. Naunyoosha mto mpaka unakuwa utepe. Nakikunja kilima, nakimwagia rangi ambazo Mungu hakukipa, mpaka mtu akiitazama picha hawezi kusema ni ya wapi wala ni ya nini. Anaona rangi na maumbo tu, na roho yake inafurahi bila kujua sababu. Mama yangu anasema naharibu mali ya marehemu. Tunapendana hivyo hivyo.

Basi, kuna bwana mmoja, nimwite Bwana Lihanda, aliyekuwa akifungua hoteli ya chakula kwenye barabara ya Mumias. Alitaka picha kubwa ya ukutani. "Nataka kitu cha msitu," aliniambia, "lakini usinichoree miti. Miti watu wameiona." Nikachagua picha moja ya zamani ambayo baba aliipiga upande wa Iguhu: mteremko wa shamba la mahindi, njia ya miguu, na nyumba ya nyasi kule mbali, ndogo kama ukucha wa mtoto. Karatasi yenyewe ilikuwa imeliwa na mchwa. Nilipomaliza kuiingiza kwenye kompyuta ilisambaratika mikononi mwangu, nikaifagia.

Sasa sikiliza nilichofanya. Nilikata nusu ya picha iliyokuwa na nyumba. Nikaitolea nakala, nakala nikaigeuza kama sura inavyogeuka kwenye kioo, kisha nikaziunganisha hizo nusu mbili. Jaribu siku moja. Kitu chochote ukikiunganisha na kivuli chake kinapendeza. Mteremko ukawa bawa, na mteremko mwingine ukawa bawa la pili. Njia ya miguu ikasimama katikati kama kiwiliwili. Mahindi nikayapaka zambarau, nyasi nikazipaka nyekundu, mbingu ikawa ya njano kama kiini cha yai. Kipepeo! Na msitu wetu unavyosifika kwa vipepeo, nilijua Bwana Lihanda angecheka mwenyewe. Zile nyumba zilibaki vidoa viwili vya manjano, kimoja kila bawa. Kwa haraka ya furaha nikaihifadhi juu ya ile faili ya kwanza, kwa hivyo picha ya mwanzo haikuwepo tena popote. Nikaegemea kiti na kujisifu kwa sauti. Mvua ikaanza kupiga bati.

Ndipo nikasikia hodi.

Aliyeingia alikuwa mama mzee, mwembamba, amejitanda lesso, kikapu cha unga kimening'inia kwenye mkono wa kulia.

"Mulembe," akasema.

"Mulembe, kukhu. Karibu ndani." Huku kwetu kila mwanamke wa umri wa nyanya yako ni kukhu, hata kama humjui. Nilimvutia kiti nikidhani amekuja kupiga picha ya kitambulisho. Akakitazama kile kiti kama kwamba kimemtukana.

"Sikukuja kukaa. Nimekuja kukuuliza. Ule mwanamke ni nani?"

"Mwanamke yupi, kukhu?"

"Ule umejengea nyumba kwangu!"

Nikamwambia kwa upole kwamba mimi ni mtu wa picha, mafundi wa nyumba wako mtaa wa pili. Hakunisikiliza. Alikuwa amepanda hasira yake akaketi juu.

"Mimi nilienda kusaga mahindi. Nikachelewa kidogo tu, si unajua vile watu huwanga wengi kwa posho mill? Narudi, napata nyumba mbili. Mbili! Na hiyo ingine inaangalia yangu kwa uso, inaichungulia. Mzee wangu huwanga mtu mpole. Hawezi kununua hata mbuzi bila kuniuliza. Atanioleaje mke mwenza nikiwa kwa foleni?"

Nikataka kucheka, niamini. Mtu anatoka kusaga unga anakuta ameletewa mke mwenza! Lakini akaendelea, na kicheko kikanikauka mdomoni.

"Na nani alipaka mahindi yangu hiyo langi? Ng'ombe yangu imekataa nyasi. Nyasi ni nyekundu kama imechinjwa, itakulaje?"

Nikamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Nje mvua ilikuwa ikimwagika kama imefunguliwa mfereji, na yeye hakuwa na tone, hata kwenye miguu yake mitupu. Na lesso yake ilikuwa ya zambarau. Wewe utasema zambarau ni zambarau. Lakini mimi ile rangi niliichanganya mwenyewe asubuhi ile, kidogo hapa kidogo pale, na hakuna duka linaloiuza. Nikageuka polepole kuitazama kompyuta. Kando ya kidoa cha manjano kwenye bawa la kulia palikuwa na nukta nyeusi. Nilikuwa nimeiona tangu mwanzo nikadhani ni uchafu wa karatasi. Baba alisema hapigi watu. Kumbe alimpiga mmoja bila kujua, mbali kule, akirudi nyumbani na kikapu.

Je, nilikimbia? Ningekimbilia wapi, na mlango ulikuwa nyuma yake? Nilibaki nimeshika meza. Nikamwonyesha kioo cha kompyuta, nikasema, "Kukhu, hiki ni kipepeo tu."

Akainama akatazama. "Kipepeo gani? Hiyo ni shamba yangu. Hapo ndio kwangu. Na hapo," akaelekeza kidole bawa la kushoto, "ndio kwa ule mwizi. Lakini zinafanana, siwezi kuingia mpaka nijue kwa hakika nyumba yangu ni gani. Nikiingia kwa mwingine nitaitwa nani? Nipatie kwangu, mukhana, binti yangu. Jua linaenda, watoto hawajakula."

Kabla sijajibu, hodi ikapigwa tena.

Hapa ndipo huwa watu wanaacha kukonyezana. Aliyeingia alikuwa ni yeye yule. Lesso ile ile, mikunjo ile ile ya uso, ila kila kitu kimebadilishana upande. Kikapu kilikuwa mkono wa kushoto. Chunjua ya wa kwanza ilikuwa shavu la kulia. Ya huyu ilikuwa la kushoto. Wakatazamana. Kisha wakafungua midomo kwa pamoja.

"Ndiye huyu!"

"Nani alikuita kwangu?" wakaulizana, kwa sauti moja, kama wanakwaya.

"Usinifuate maneno!"

Walisema hivyo pia kwa pamoja. Mimi nilikuwa nimeziba masikio, na nakwambia ukweli, nilikuwa naogopa na nacheka kwa wakati mmoja. Kila mmoja alimwita mwenzake mwizi wa mume, na kila tusi lilitoka mara mbili. Wote wawili walikuwa wametoka kusaga. Wote wawili walidai nyumba. Na mimi ndiye niliyekuwa nimeiumba ile nakala kwa kubofya mara moja, nikiwa napiga mluzi.

Nikaelewa kwamba lazima niondoe bawa moja. Lakini lipi? Nilikuwa nimegeuza na kugeuza tena, nikitafuta kipepeo mzuri, na karatasi ya kunikumbusha ilikuwa imeliwa na mchwa. Kama ningefuta bawa lisilostahili, mama wa watu asingekuwa na nyumba tena, wala mume, wala watoto wanaosubiri unga. Hakuna mahali pengine popote alipokuwa amebaki.

Nikafanya jambo ambalo mama yangu amenifundisha tangu utotoni: wageni wakikwaruzana, wape chai. Nikamimina vikombe viwili kutoka kwenye thamosi, nikawanyooshea vyote kwa pamoja nikiwa nimepiga goti kidogo. Wakanyamaza. Hata hasira huku kwetu huipisha chai.

Wa kwanza akapokea kwa mkono wa kulia, na wa kushoto akaugusisha kwenye kiwiko, vile inavyotakiwa. Wa pili akapokea kwa heshima hiyo hiyo, ameinamisha kichwa. Ila alipokea kwa mkono wa kushoto.

Sasa wewe niambie. Umewahi kumwona mama mzee wa Iguhu akipokea chai kwa mkono wa kushoto? Angepigwa hata angekuwa mtoto anayetambaa! Na huyu hakuona kosa lolote. Kwake huo ndio ulikuwa mkono wa kulia.

"Umeona?" wa kwanza akapaza sauti, na safari hii alisema peke yake. "Umeona mkono? Si mtu huyo! Ni kivuli changu kwa maji!"

Wa pili akautazama mkono wake. Akautazama wa mwenzake. Akakiweka kikombe mezani polepole bila kumwaga.

"Kwa hivyo mimi sikuenda kusaga?" akaniuliza. Hakuwa na hasira tena. "Lakini nakumbuka foleni. Kuna mtoto alilia sana kwa hiyo foleni, mama yake akamfunga kwa mgongo akanyamaza. Nakumbuka."

"Hiyo ni yangu," wa kwanza akasema, lakini kwa sauti ya chini.

Niliona aibu na huruma. Nilikuwa nimetaka kupamba ukuta wa hoteli, na hapa palisimama mtu mzima na kikapu cha unga akiniuliza kama yeye ni mtu. Nilivuta kiti, nikashika mausi, nikalichagua bawa la kushoto lote. Mistari ya nukta ikalizunguka. Kulikuwa kumebaki kubofya tu.

Nikahisi kiganja kikinishika. Kilikuwa cha moto, kimejaa unga. Alikuwa ni kukhu wa kwanza.

"Ngoja," akasema.

"Kukhu, si ulitaka aondoke?"

"Nilitaka aondoke kwangu. Sikusema aondoke duniani." Akamtazama mwenzake kwa jicho la pembeni, bado hajafurahi. "Huyu amewasha moto. Nikipita niliona moshi yake. Mtu amewasha moto anataka kupikia watu. Utamzimaje?"

"Sasa nifanyeje?"

"Si wewe ndio ulimleta? Mtafutie pake. Mbali na mimi."

Basi nikafanya kazi siku hiyo ambayo sijawahi kuifanya na sidhani nitairudia. Nilimkata kipepeo katikati. Nikatengeneza picha mbili, kila moja na nyumba yake, na wale wazee wawili wakasimama nyuma yangu, mmoja bega hili na mwingine bega lile, wakiniamrisha. Tatizo la kwanza lilikuwa njia. Ilipita pale pale katikati, kwa hivyo kila mmoja alibaki na nusu njia, nyembamba kama uzi. Wote wakalalamika. Nikaipanua ya huyu, mwenzake akasema yake ipanuliwe zaidi, ng'ombe apite na mtu amwongoze kando. Nikapanua zote mpaka wakaridhika. Tena njia zenyewe zilikuwa zimesimama wima kama ngazi, kwa sababu nilikuwa nimezinyoosha. "Nitapanda juu kama nyani?" mmoja akauliza. Nikazilaza.

Kukhu wa kwanza akataka mahindi yake yarudi kuwa ya kijani na nyasi ziwe nyasi. Nikamrudishia. Nilipotaka kufanya hivyo hivyo kwa wa pili, akanizuia.

"Yangu acha hivyo. Mimi sijawahi kuona ingine."

"Naweza kukugeuza wewe pia," nikamwambia. "Nikiigeuza picha, mkono wako utakuwa kama wake. Mtafanana sawasawa."

Akafikiri. Akavikunja na kuvikunjua vidole vya mkono wa kushoto. "Nikigeuzwa nitakuwa yeye. Na yeye yuko. Niache nikae mimi."

Kukhu wa kwanza akaguna, na nadhani lilikuwa guno la kukubali. Akamaliza chai yake, akajitanda lesso vizuri. "Mulembe," akasema, akatoka. Ngazi za hapa ni za mbao na hulia hata paka akipita. Hazikulia.

Wa pili alibaki mlangoni kidogo.

"Asante, mama," akaniambia.

"Kukhu, mimi ni mdogo kwako sana. Usiniite hivyo."

"Yule mwingine ana mama yake, alimzika huko Iguhu. Mimi nilizaliwa na nani?" Akanitazama, anangoja. Akatabasamu, na tabasamu lilianzia upande wa kushoto. Nilipopepesa macho mlango ulikuwa mtupu, na kwenye kioo cha kompyuta zile nukta nyeusi mbili zilikuwa zimesogea. Kila moja ilikuwa imesimama mbele ya mlango wake.

Bwana Lihanda alifika mvua ilipokatika. Aliuliza picha yake iko wapi. Nikamwambia ilikuwa kipepeo, akaruka. Alinung'unika weee, kisha akaisogelea ile picha ya kijani, akainamisha kichwa upande. "Hii sijui ni nini," akasema, "lakini inanikumbusha kwetu." Ndiyo iliyo ukutani kwake mpaka leo. Nenda ukaione, utaona rangi na maumbo tu. Wapishi wake wanasema wageni wanaokaa chini yake hawaagizi chapati, wanaagiza obusuma, ugali wa kwetu.

Ile ya zambarau siuzi. Wameniomba wengi. Iko nyumbani kwangu, juu ya meza ya kulia, na juu ya kile kidoa cha manjano pana uzi wa moshi ambao sikuuchora. Jioni unakuwa mzito kidogo, asubuhi mwembamba. Nimezoea kuuangalia nikiamka. Siku moja haukuonekana mpaka karibu adhuhuri, na sikufanya kazi yoyote siku hiyo, nilizungukazunguka tu mezani kama kuku anayetaka kutaga. Ulipotokea nilimgombeza kukhu wa pili kwa sauti. Kuchelewa kupika namna ile, na watoto wana njaa!

Mama yangu huja kunitembelea Jumapili baada ya kanisa. Kila akija lazima aulize nitampa mjukuu lini, rafiki zake wote wameshapata. Mimi hutazama ukutani. Nitamwambiaje kwamba anaye, na kwamba mjukuu mwenyewe anamzidi umri?

Kwa hivyo wewe unayekaa na kompyuta yako ukivuruga picha za zamani, na najua mko wengi, nisikilize. Nyoosha mito, paka mahindi rangi unayotaka, hayo si kitu, wanalalamika tu. Lakini kabla hujaichukua nusu ya picha na kuigeuza kioo, sogeza uso karibu uchungulie kama kuna paa la nyumba mahali. Ukiliona, acha. La sivyo utaitwa mama na mtu mwenye mvi, na mimi sitakuwepo kukusaidia kulala siku moshi ukichelewa.